Saumu ya Duke

Kwenye geming ya Abdirahim, ukishinda huondoki. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayoambiwa kila anayeingia pale, na ndiyo iliyomfundisha kaka yangu Duke kukaa bila kula.

Geming yenyewe ni chumba kirefu nyuma ya soko la Kisii, chenye mapazia mazito dirishani na skrini zimepangwa ukutani. Vijana hucheza mpira wa kwenye skrini, kila mtu na pedi yake ya kuchezea mkononi. Anayepigwa anainuka, wa kwenye foleni anaketi, aliyeshinda anabaki palepale kusubiri mwingine. Ukitoka kwenda kula, kiti kimekwenda, utarudi nyuma ya foleni. Kwa hiyo mchezaji mbovu hula vizuri sana pale. Anapigwa mapema, anatembea hadi kwa Nehemiah wa chipsi, anakaa kwenye benchi, anapiga stori, anarudi ameshiba. Mzuri ndiye anayeshinda na njaa.

Duke ni mzuri. Ana miaka ishirini, mwembamba, vidole virefu, na tangu amalize shule ya upili hajapata kazi ya kudumu. Asubuhi humsaidia mama kupakia ndizi kwenye lori kule Keumbu, halafu anapotelea mjini. Nikiwa mjini humpitia, nikakaa kidogo kumtazama. Mtu akicheza huwezi kumjua kwa uso, maana uso umekufa. Angalia vidole gumba. Vya Duke vilienda kama vya mtu anayepukuchua mahindi, haraka na bila kukosea.

Sheria ya pili ya pale ni ya mafuta. Abdirahim alichoka kufungua pedi na kukuta vibonye vimeganda mafuta ya chipsi, akaweka beseni na sabuni mlangoni, na hata hivyo haamini mtu. Hunusa vidole mwenyewe.

"Leta mkono," anasema. "Hii ni soseji ya smoki. Rudi unawe."

"Nimenawa, Abdi."

"Umenawa na maji ya mate. Rudi."

Wachezaji wakajua la kufanya. Chipsi wanazidunga kwa kijiti cha meno, au rafiki anakulisha mdomoni kama mtoto huku wewe macho yako kwenye skrini. Ila rafiki mwenyewe akikulisha anakula nusu. Rahisi zaidi ni kopo la eneji, kinywaji cha kutia nguvu. Unalifungua, unaliweka kati ya magoti, unavuta mara moja moja. Halina mafuta, halikutoi kwenye kiti, na moyo unakwenda mbio kama umekula kitu. Chini ya viti vya wale wazuri kulikuwa na makopo mengi. Chini ya kiti cha Makori kulikuwa na maganda ya njugu.

Makori ni kijana mnene wa kutoka Nyamira ambaye hubeba chakula chake kutoka nyumbani, chapati na maharagwe kwenye kontena, na saa ya kula ikifika hutoka, hata kama anashinda. Walimwita Godauni, yaani ghala. Duke ndiye aliyempa hilo jina.

"Godauni, leo mzigo umeingia?"

"Umeingia, mura. Wewe wako umeibiwa njiani?"

Watu wanacheka. Makori anafunga kontena, ananawa, ananyoosha vidole Abdirahim avinuse, anarudi nyuma ya foleni bila kinyongo.

Mwenzake Duke alikuwa Uzair. Hao wawili walicheza upande mmoja, timu moja, Duke mbele na Uzair nyuma, na kwa miezi hakuna jozi iliyowatoa. Uzair ni mtoto wa Mama Ruqiya mwenye duka la vitambaa na mazulia. Haongei sana. Duke akifungwa hupiga kiti ngumi, Uzair hurudisha tu mpira katikati. Nilipenda kuwatazama wakiwa wamekaa bega kwa bega, kwa sababu nyumbani Duke hakai na mtu.

Halafu Abdirahim akaleta habari. Kutakuwa na mashindano ya jozi Sironga, siku ya Jumapili, kwenye ukumbi wa vijana. Jozi itakayoshinda itapelekwa Kisumu kusimama kwa niaba ya Kisii na Nyamira. Kila timu itaandikisha watu watatu, wawili wa kucheza na mmoja wa akiba. Abdirahim alimwandika Uzair kwanza, bila kufikiri. Kisha akamwandika Duke.

"Na wa akiba ni Makori," akasema. "Duke, kiti cha pili ni chako mpaka mikono yako iseme vingine."

Duke alirudi nyumbani akiimba. Tangu shuleni hajawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, si timu, si kwaya. Mama akiulizwa kanisani kijana anafanya nini, alikuwa ameanza kujibu kuhusu mvua. Safari hii angekuwa na la kusema, na Duke alijua hivyo. Kile kiti alikitaka kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu.

Ramadhani ikaingia wiki chache kabla ya mashindano.

Uzair alifunga, kama miaka yote. Alikuja geming asubuhi, akacheza hadi alasiri, mdomo umekauka, hagusi hata maji. Na alicheza vizuri kuliko siku zote. Jozi zilizokuja kutoka Keroka na Ogembo zikidhani mwezi wa kufunga ni nafasi yao ziliondoka zimefungwa mabao hadi zinacheka zenyewe. Duke akawa anamwangalia kwa pembeni. Nilimwona akimwangalia. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyeona mwenzake akiweka kitu mfukoni.

Jioni moja tukipanda kwenda nyumbani Nyanchwa akaniambia, "Dada Mong'ina, mimi nimegundua siri."

"Siri gani?"

"Njaa. Tumbo likiwa tupu, damu yote inaenda kwa kichwa. Umeona Uzair? Hana hata usingizi. Anaona mpira kabla haujapigwa."

"Umemuuliza?"

"Ya kuuliza ni ya nini? Si naona."

Hapo ndipo alipoanza. Asubuhi alikataa uji. Mchana hakugusa kitu isipokuwa kopo la eneji, kwa sababu alisema hiyo si chakula, hiyo ni maji yenye akili. Na jioni, ndiyo hapo sikuelewa, jioni alimega tonge mbili za obokima akanawa mkono. Alisema akijaza tumbo jioni, asubuhi litaamka na uzito.

Nyumbani kwetu chakula cha jioni si cha mtu mmoja mmoja. Mama hupika hiyo obokima, ugali wa wimbi, anaufunika, na hakuna anayemega mpaka wote tumekaa. Mtu akinawa mapema, wengine tunajiona walafi. Mama yetu, Persis, ni mtu wa kanisa la Sabato hasa, hanywi hata chai ya majani, na kwake mtoto kuacha chakula ni jambo la kwenda nalo kwenye maombi. Siku za kwanza alinyamaza. Halafu akaanza kumpikia vile anavyopenda, kuku wa kienyeji, mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa. Duke akamega zake mbili, akasema ni tamu, akanawa.

Mama alinitazama mimi. Mimi nilitazama ugali.

Jumamosi iliyofuata, baada ya ibada, wageni walikuja kwetu kula chakula tulichopika Ijumaa kabla jua halijatua. Mama Orpah wa upande wa kwaya alikuwepo, na yeye ni mtu wa kusema kile wengine wanachozungukia. Alimwona Duke amekaa na sahani tupu.

"Mama Duke," akasema, "si vibaya kuuliza. Nimesikia kijana ameingia msikitini."

Mama aliweka kijiko chini.

"Nani amesema?" mama akauliza.

"Watu wa soko. Wanasema hali mchana tangu hao ndugu zetu waanze kufunga. Na anashinda na kijana wa Ruqiya."

Mama akamgeukia Duke polepole, akaongea Kiswahili ili wageni wasiojua Kigusii wasione anamficha, maana kwa jambo zito kwetu lugha ya nyumbani ina siri nyingi. "Duke. Umesilimu?"

"Hapana, mama."

"Ukisilimu, uniambie wewe. Nisiambiwe na soko."

"Sijasilimu. Ni ya mchezo tu."

"Mchezo gani unakataza mtu chakula?"

"Haukatazi. Ni mbinu."

Mama Orpah akachota viazi. "Mbinu," akasema. "Sisi tulifikiri ni dini, tukaogopa. Kumbe ni ujinga."

Wageni walicheka, hata Duke alitabasamu, lakini mama hakucheka. Alikuwa anaangalia mkono wa Duke uliokuwa juu ya meza. Kidole gumba kilikuwa kinatetemeka kidogo, chenyewe, kama cha mzee.

Siku hizo geming nayo ilibadilika. Duke alianza vizuri asubuhi, halafu kipindi cha pili anachelewa. Si sana. Nusu ya nusu ya sekunde. Anabonyeza pasi mpira umeshapita, anapiga golini kipa ameshafika. Alibadilisha pedi. Akasema ile nyingine nayo mbovu. Alimfokea Abdirahim kwamba skrini inakawia. Uzair alirudisha mpira katikati. Kila mchana Duke alichukua kopo lake akaenda kulinywea uani, mbali na Uzair, kwa sababu aliona haya kunywa mbele ya mtu aliyefunga.

Makori peke yake ndiye aliyesema. "Mura, umekonda. Wewe ni mgonjwa?"

"Ningekuwa mgonjwa ungefurahi, upate kiti."

Makori alirudi kwenye kontena lake. Nadhani neno lilimwingia.

Ikafika Jumapili ya mashindano. Duke aliondoka mapema na wenzake kwenye gari aliloazima Abdirahim. Kwenye uji aliouwekewa kulikuwa na utando juu, hakuugusa. Mama alikuwa atoke kwenda kukutana na wanunuzi wa ndizi Keumbu, lakini akavaa kitambaa kizuri cha kichwa, akasema tutapitia mjini kwanza. Sikuuliza wapi.

Tuliingia kwa Mama Ruqiya. Duka ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa, mazulia bado yamekunjwa. Mama hakusema kilichomleta. Alishika kitambaa kimoja, akaulizia kingine, akasifu rangi. Mama Ruqiya alimfuata nyuma kwa upole, akijibu kila kitu, mpaka mwishowe akavuta viti viwili.

"Mama Duke, wewe hukuja kwa kitambaa. Kaa."

Mama akakaa. "Mwezi mtukufu unaendaje?"

"Alhamdulillahi. Njaa iko, lakini tumezoea."

"Ni hiyo nilitaka kuuliza." Mama akatafuta maneno. "Mimi siko na neno na dini ya mtu. Lakini kijana wangu anafunga na wa kwako, na anaisha. Nikataka kujua, nyinyi mnafanyaje? Uzair wako hajaisha."

"Duke anafunga?" Mama Ruqiya alishangaa. "Nani alimwambia?"

"Alijiambia."

"Na daku anakula nini?"

Mama alinitazama. Mimi pia sikulijua hilo neno. Mama Ruqiya akatutazama wote wawili, akaweka mkono kifuani.

"Hamjui daku? Mama Duke, sisi tunaamka kabla ya alfajiri tunakula. Uzair anakula mkate wa anjera na mayai, uji, tende, maji jagi zima. Nikimwamsha anakula macho yamefumba. Halafu jua likizama anakula tena, na baada ya swala ya usiku anarudi jikoni kutafuta kilichobaki. Huyo mtoto mwezi huu anamaliza unga kuliko miezi mingine yote. Ni saa tu imebadilika."

Mama alikunja kile kitambaa alichokuwa ameshika. "Basi wangu," akasema, "alichukua njaa peke yake, akaacha chakula."

"Ameona mchana. Usiku wetu hajauona."

Hawakucheka. Mama Ruqiya aliinuka, akaingia nyuma, akarudi na tende kwenye karatasi. Mama alinunua mayai ya kuchemsha pale nje, na kwa rafiki yake wa pembeni ya soko akapata ndizi za kuchemsha zilizopondwa na mboga, akajaza kontena. Simu ya Duke haikupatikana, Abdirahim huwakusanyia simu kabla ya mchezo. Mama alinipa kontena na nauli. "Nenda Sironga. Mimi wanunuzi wananingoja. Mwambie ni mimi nimesema ale. Akikataa, mwambie Mama Uzair pia amesema."

Nilipofika ukumbini mchezo wa kwanza ulikuwa unaisha. Viti vilikuwa vimejaa vijana, skrini kubwa mbele, na kwenye meza jozi mbili zimekaa. Nilimtambua Duke kwa mgongo. Alikuwa ameinama sana, karibu ameze pedi. Walikuwa nyuma kwa bao moja. Uzair akakata mpira nyuma, akampelekea Duke mbele pasi safi, golini kumebaki kipa peke yake. Hiyo Duke angefunga akiongea na mtu. Niliona kidole chake kikibonyeza mara mbili badala ya moja. Mchezaji wake akasimama, akageuka, mpira ukachukuliwa. Filimbi ya kwenye skrini ikalia.

Kushindwa mara moja hakukuwatoa. Kundi lao lilikuwa na michezo miwili zaidi, na wakishinda yote miwili wangesonga mbele. Wakishindwa tena, basi.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye ngazi kando ya tangi la maji, mikono katikati ya magoti. Uzair alikuwa amesimama karibu naye. Duke aliponiona alikunja uso.

"Umekuja kufanya nini?"

"Mama amesema ule."

"Mwambie nimeshiba."

"Mama Uzair pia amesema."

Uzair akageuka. "Mama yangu? Amesema nini?"

Nikawaambia, vile ilivyokuwa, bila kuongeza. Kwamba mama alienda dukani, kwamba aliuliza mnafungaje, kwamba Mama Ruqiya aliuliza daku na sisi hatukujua ni nini. Nilipotaja anjera na mayai na uji, Duke aliinua kichwa kumtazama Uzair kama mtu aliyedanganywa.

"Wewe unakula usiku?"

"Sana," Uzair akasema. "Kwani wewe huli?"

"Si unafunga."

"Duke. Nafunga mchana. Jana nimekula sahani ya pilau na nusu ya sahani ya dadangu. Ulidhani naishi na hewa mwezi mzima?"

"Nilidhani ndiyo inakufanya ucheze hivyo."

Uzair alichuchumaa mbele yake. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea sana, na hata hapo sauti hakuipandisha. "Mimi nacheza hivyo kwa sababu mwezi huu mama hanitumi dukani, nalala baada ya alfajiri, na sinywi hayo makopo. Njaa haijawahi kunisaidia. Saa tisa huwa sioni vizuri, nakaa nyuma nisikimbizwe. Hukuona nimeacha kupanda mbele?"

"Niliona unatulia."

"Nilikuwa nachoka."

Duke aliangalia chini.

"Na mimi nilikuona ukienda uani kila mchana," Uzair akasema. "Nikafikiri unaenda kula, unanifichia kwa heshima. Nikasema huyu kijana ana adabu. Ungeniuliza tu."

"Na wewe ungeniuliza."

"Kweli. Na mimi ningekuuliza."

Nilifungua kontena. Duke aliliona, halafu akamwona Uzair, midomo yake ilivyokauka, akalisukuma. "Siwezi kula mbele yako."

Uzair akalichukua mwenyewe, akaliweka kwenye mapaja ya Duke, akakaa naye kwenye ngazi. "Mwaka jana shuleni nilikaa meza moja na darasa zima wakila githeri. Kula. Anza na tende, polepole, usije ukatapika."

Duke alikula tende moja. Alitafuna muda mrefu. Ya pili aliishika hivi, mkono ukimtetemeka, na tuliuona sote watatu.

Abdirahim alitoka mlangoni. "Mchezo wa pili, vijana. Wanaita."

Duke alisimama haraka, kama mtu aliyezoea, akashika ukuta. Nilidhani atakwenda. Uzair naye alisimama, akamngoja, hakumwambia aende wala abaki. Ndani, mtu aliita jina la timu kwenye kipaza sauti.

"Uzair," Duke akasema, "ukifuturu, mikono inarudi lini?"

"Si mara moja. Mimi hukaa kwanza."

"Nusu saa?"

"Zaidi."

Duke alikunja na kukunjua vidole, akivitazama. Wa pale mlangoni walikuwa wanapiga makofi. Makori alikuwa amesimama nyuma ya Abdirahim, mikono mfukoni, anatazama pembeni, kama mtu asiyetaka kuonekana anangoja.

"Abdi," Duke akasema, "weka Makori."

Abdirahim alimkagua. "Una hakika? Akiingia na wakishinda, simtoi. Anayepeleka timu ndiye anaenda Kisumu kwenye kiti."

"Najua. Si ulisema mikono ikisema vingine. Imesema."

Makori akatoa mikono mfukoni. "Mura, mimi sikuomba."

"Najua hukuomba. Enda unawe, atakunusa."

Wakaingia. Duke akakaa tena kwenye ngazi. Nikakaa naye, nikamshikia kontena. Alikula ndizi kwa mkono, tonge kwa tonge, akitazama ukuta wa pili ambapo mtu alikuwa ameanika mashati. Kelele za ndani zilipanda, zikashuka. Kila zilipopanda aliacha kutafuna, halafu akaendelea. Machozi yalimtoka kidogo, hakuyafuta kwa kuwa vidole vilikuwa na mboga.

"Ilikuwa yangu, hii," akasema mara moja tu. Sikujua anaongelea nini hasa, nikaitikia.

Walishinda wa pili. Walishinda wa tatu kwa shida, Makori akicheza polepole, bila maringo, akimrudishia Uzair mpira kila alipobanwa. Mchana ulipoendelea wakafika fainali. Duke alikuwa amepata rangi usoni, na aliingia kukaa nyuma yao, akawa anamwambia Makori kwa sauti ya chini, "Yule beki wa kushoto anapanda sana. Mpitie huko." Makori akampitia huko. Ndiyo bao lililowapeleka Kisumu.

Watu walimbeba Uzair, wakajaribu kumbeba Makori wakashindwa, Makori mwenyewe akiwaambia mzigo umeingia. Duke alicheka. Alimpa mkono. "Pole kwa ile maneno," akasema, na Makori akasema ipi, ingawa anaijua.

Kwa hiyo Duke hakuwa na kiti. Abdirahim alimwandika wa akiba, mahali pa Makori, na hakubadilisha hata Uzair alipomwombea. Jioni mama alimsikiliza yote hadi mwisho, akamsogezea ugali, na kanisani Jumamosi alipoulizwa alisema, "Anasaidia timu inayokwenda Kisumu." Alimwambia Mama Orpah bila kutaja mvua.

Wiki iliyofuata nilipitia geming. Uzair na Makori walihitaji mtu wa kuwapa mazoezi, mtu mgumu, na hakuna mgumu kuliko Duke. Alikuwa amefika tu, amesimama nyuma ya kiti kitupu cha upande wa pili, pedi mkononi. Uzair, bado amefunga, aliweka mguu wake kwenye kile kiti.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Viazi. Mayai. Uji wa mama."

"Eneji?"

"Maji."

Uzair alimwangalia Makori. Makori akamwangalia Duke kutoka juu hadi chini, bila haraka, kama mtu anayepokea mzigo.

"Anaweza kukaa," akasema.

Uzair akaondoa mguu.